Ziwa, Kopo na Hukumu: Funzo la Historia kwa Utumishi wa Kichungaji

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jinsi ushauri waliopewa akina mama wenye virusi vya UKIMWI kuhusu kunyonyesha ulivyobadilika, na kuuliza historia hiyo yatudai nini sisi tulioitwa kuchunga.

Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo. Sababu ilikuwa nzito: mahali pasipo maji safi, mtoto wa chupa huharisha, na wengi hufa. Basi akina mama wakahimizwa kunyonyesha, na himizo hilo lilikuwa la kweli.

Mwaka 1985 madaktari wa Australia waliarifu habari za mtoto aliyeambukizwa kwa kunyonya, ambaye mama yake aliongezewa damu yenye virusi baada ya kujifungua. Baadaye ilifahamika kwamba, pasipo dawa, kunyonyesha huweza kuambukiza watoto 5 hadi 20 katika kila 100 wa mama wenye virusi. Hivyo mwaka 2000 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri mama hao wasinyonyeshe kabisa, iwapo chakula mbadala chakubalika, chawezekana, gharama yake yamudika, chapatikana daima na ni salama. Ni mama wangapi wa vijijini walioweza kutimiza masharti hayo matano?

Huko Botswana serikali iligawa maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, ugonjwa wa kuhara ulienea, na watoto wasionyonya ndio walioumia zaidi. Mama zao walikuwa wametii waliyoambiwa.

Tena, utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kumpa mtoto ziwa pamoja na vyakula vingine kulikuwa na hatari kuliko kumnyonyesha tu. Hapa ndipo hukumu ya watu ilipoleta madhara yake. Chupa ilikuwa imegeuka kuwa tangazo la ugonjwa. Mama asiyenyonyesha aliulizwa na mama mkwe na majirani; naye, kwa kuogopa kufukuzwa, alinyonyesha mbele ya wageni na kutoa chupa faraghani. Aibu ilimsukuma kwenye njia ile ile iliyomhatarisha mtoto.

Mwaka 2010 ushauri uligeuka tena: mama atumie dawa za kupunguza makali ya virusi, naye anyonyeshe miezi 12, na mwaka 2016 muda huo ukaongezwa hadi miezi 24 au zaidi. Basi mama aliyezaa mwaka 2002, kisha mwaka 2012, huenda aliwalisha wanawe kwa njia mbili tofauti, na mara zote mbili alitii.

Maandiko yanatusimulia kwamba Samweli alinyonyeshwa na mamaye, na Yoashi alifichwa pamoja na mlezi wake. Wala hatuoni lawama kwa yeyote. Na katika Luka 11:27-28, mwanamke alipoyasifu matiti yaliyomnyonyesha Bwana, Yeye aliielekeza heri kwa wanaolisikia neno la Mungu na kulishika.

Kwa hiyo mchungaji amtembeleapo mzazi asiulize kwa nini ananyonyesha au hanyonyeshi. Aulize anahitaji nini: maji safi, kuni, nauli ya kliniki, au usingizi. Aitunze siri yake. Zaidi ya hayo, awafundishe waume na mama wakwe, kwa kuwa mara nyingi hofu ya mama huanzia nyumbani mwake.