Ernie Brandts, beki aliyetufikia akitokea upande wa Rusumo

Msimu wa 2012/13, Ligi Kuu ilifika Ngara na Biharamulo, huku kwetu mkoani Kagera, kwa masikio. Azam TV ilikuwa haijaanza kurusha matangazo. Ilikuja Desemba 2013, na kabla ya hapo mechi za ligi zilizoonekana kwenye televisheni zilikuwa za kuhesabu. Kuanzia Lusahunga wanakopumzika madereva wa malori hadi Benaco na Rusumo mpakani, aliyetaka kujua Yanga imefanya nini alitega redio. Kesho yake, kama basi halikuchelewa, alisoma gazeti la michezo lililokwishapita mikononi mwa wengi.

Redio humpenda mfungaji. Mtangazaji hupandisha sauti mpira unapokaribia kumi na nane, na bao likiingia kijiwe kizima husimama. Beki aliyejipanga vizuri kiasi kwamba pasi ya hatari haikupigwa kabisa hatajwi hewani hata kwa sekunde moja. Ndiyo maana naamini kocha aliyeipa Yanga ubingwa wa msimu ule hajatendewa haki katika kumbukumbu za wapenzi wa mpira wa huku. Ukimtaja Ernie Brandts leo, utaambiwa habari ya 3-3 na Simba. Mwaka mzima uliotangulia sare hiyo, mwaka ambao ngome ya Jangwani, yaliko makao ya Yanga, ilikuwa ngumu kuliko zote nchini, umesahaulika kwa sababu haukuwa na kelele.

Brandts alizaliwa Februari 1956 Nieuw-Dijk, kijiji cha mashariki mwa Uholanzi karibu na mpaka wa Ujerumani. Alianza mpira wa kulipwa De Graafschap, klabu ya eneo hilohilo, na mwaka 1977 akachukuliwa na PSV ya Eindhoven. Msimu wake wa kwanza tu ulimpa mengi: PSV ikawa bingwa wa Uholanzi, kisha Mei 1978 ikatwaa Kombe la UEFA kwa kuichapa Bastia ya Ufaransa 3-0 katika mchezo wa marudiano. Kijana wa miaka 22 akaitwa kwenye kikosi cha Ernst Happel kilichokwenda Argentina kucheza Kombe la Dunia.

Tarehe 21 Juni 1978, mjini Buenos Aires, Uholanzi ilikutana na Italia. Waholanzi walihitaji sare tu kuingia fainali. Waitaliano walilazimika kushinda. Dakika ya 19 Roberto Bettega alipenya kuelekea lango, Brandts akajirusha kumzuia, mpira ukamgonga na kujaa wavuni. Katika purukushani hiyo alimgonga pia kipa wake, Piet Schrijvers, ambaye aliumia na kutolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Jan Jongbloed. Kwa tukio moja beki yule kijana alikuwa amejifunga, amempoteza kipa wake na ameiondoa nchi yake kwenye njia ya fainali.

Happel hakumtoa. Kipindi cha pili kilipoanza, dakika ya 50, mpira ulimfikia Brandts nje kidogo ya kumi na nane ya Italia, akaupiga kwa nguvu zake zote. Ikawa 1-1. Baadaye Arie Haan akafunga kwa shuti la mbali sana, Uholanzi ikashinda 2-1. Kabla ya siku hiyo hakuna mchezaji aliyekuwa amezifungia timu zote mbili katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Mario Mandžukić wa Croatia alifanya hivyo katika fainali ya 2018 dhidi ya Ufaransa, ila yeye alimaliza upande wa walioshindwa.

Siku nne baadaye Brandts alikuwa uwanjani katika fainali dhidi ya wenyeji. Dakika ya mwisho ya muda wa kawaida, matokeo yakiwa 1-1, Rob Rensenbrink aligonga mwamba. Katika dakika za nyongeza Mario Kempes na Daniel Bertoni wakamaliza kazi, Argentina ikashinda 3-1. Brandts aliendelea kuichezea Uholanzi hadi miaka ya themanini na kufikisha mechi 28 za taifa. PSV alidumu hadi 1986, akaondoka na ubingwa mwingine, kisha akapita Roda JC na MVV kabla ya kustaafu.

Ukocha wake haukuwa wa kupaa ghafla. Alikuwa msaidizi PSV, kazi ya nyuma ya pazia, kisha mwaka 2006 akapewa NAC Breda. Msimu wa 2007/08 NAC, klabu isiyo na fedha za kushindana na vigogo, ilimaliza ligi katika nafasi ya tatu. Haikutosha kumbakisha. Akaenda Iran kuifundisha Rah Ahan ya Tehran, na mwaka 2010 akatua Kigali kuinoa APR, timu ya jeshi la Rwanda.

Hapo ndipo habari yake inaanza kutugusa moja kwa moja, kwa kuwa Rwanda tunapakana nayo pale Rusumo. Dunia ilijifunza jina la Rusumo Aprili 1994, pale takribani watu 250,000 walipovuka daraja la Mto Kagera ndani ya saa ishirini na nne wakikimbia mauaji na vita nchini Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Jina hilo lilibaki na huzuni yake. Lakini mpaka uleule umepitisha mengine mengi tangu hapo: saruji, mafuta, ndizi, harusi, na wachezaji. Kihangaza na Kishubi, lugha za Ngara, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo mtu wa Ngara anaweza kusikiliza mpira wa Kigali au Bujumbura bila kutafutiwa mkalimani. APR ya Brandts, iliyotwaa ubingwa wa Rwanda mwaka 2011 na 2012, haikuwa timu ya mbali kwetu. Kutoka Rusumo, Kigali iko umbali wa saa chache kwa gari. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200.

Miji mikubwa ya soka huandika historia kana kwamba kila kitu kimeanzia kwake. Tazama Yanga iliyokuwa ikijengwa wakati huo. Haruna Niyonzima, kiungo mwenye mguu mwepesi kuliko wote waliokuwa nchini, alitoka APR mwaka 2011. Mbuyu Twite, beki mzaliwa wa Kongo aliyeichezea Rwanda, naye alitoka APR mwaka 2012 baada ya Simba na Yanga kumgombania hadharani. Didier Kavumbagu alitoka Burundi mwaka huohuo. Hata Simba ilikuwa na Patrick Mafisango wa Rwanda, aliyefunga katika kile kipigo cha 5-0 walichopewa Yanga tarehe 6 Mei 2012, kisha akafariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam siku chache baadaye. Majirani zetu wa mpakani ndio walioamua mechi za watani wa jadi.

Kipigo kile cha mabao matano kiliivuruga Yanga. Uongozi ukabadilika, Yusuf Manji akachaguliwa mwenyekiti Julai, Tom Saintfiet kutoka Ubelgiji akaletwa kufundisha. Mwezi huohuo Yanga ikatwaa Kombe la Kagame nyumbani, ikiifunga Azam 2-0 katika fainali, na katika nusu fainali iliitoa APR. Miezi miwili haikupita kabla Saintfiet hajafukuzwa. Mwisho wa Septemba 2012 Yanga ikamchukua Brandts.

Aliwakuta Nadir Haroub, anayeitwa Cannavaro, na Kelvin Yondani katikati ya ulinzi, Ally Mustafa 'Barthez' golini, na Twite aliyekwisha kumfundisha Kigali. Kwa kocha aliyekuwa beki wa kati maisha yake yote, huo ulikuwa mtaji. Alianza na sare ya 1-1 na Simba tarehe 3 Oktoba. Siku chache baadaye akaja mkoani kwetu, Kaitaba mjini Bukoba, na Kagera Sugar ikamfunga 1-0. Kilikuwa kipigo chake cha kwanza kwenye Ligi Kuu yetu, na mwalimu wa Kagera Sugar siku ile alikuwa Abdallah Kibadeni, yule aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake mwaka 1977 Simba iliposhinda 6-0. Jina hilo tuliweke karibu.

Baada ya Kaitaba Yanga ilikaza. Wakati wa mapumziko ya ligi timu ilikwenda kupiga kambi Antalya, Uturuki. Iliporudi ilikuwa timu ngumu kufungika: Cannavaro na Yondani wakicheza kama waliozaliwa nyumba moja, Athuman Idd 'Chuji' akisimama mbele yao, Niyonzima na Frank Domayo wakitunza mpira ili ngome ipumue. Redio ilitupa 1-0, 2-0, 1-0 nyingine. Tulizipokea kama kawaida, bila kujiuliza zile sifuri zinatengenezwa na nani. Ubingwa ulipatikana Aprili, kabla ya ligi kwisha, na Yanga ikamaliza na pointi 60. Tarehe 18 Mei 2013, katika mchezo wa mwisho, ikaifunga Simba 2-0. Mabao yalifungwa na Kavumbagu wa Burundi na Hamis Kiiza wa Uganda. Agosti ikaongeza Ngao ya Jamii kwa 1-0 dhidi ya Azam.

Kisha ikaja tarehe 20 Oktoba 2013. Hadi mapumziko Yanga 3, Simba 0: Mrisho Ngassa moja, Kiiza mawili. Kocha wa Simba alikuwa Kibadeni, aliyehama kutoka Kagera Sugar. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akarudisha la kwanza, Joseph Owino la pili, Gilbert Kaze, Mrundi, la tatu. Nimewasikia watu wazima, wanachama wa Yanga wa miaka mingi, wakisema walizima redio mapumziko wakashangilie, wakaja kuambiwa matokeo njiani wakabisha. Kwa beki aliyegeuka kocha, kuachia uongozi wa mabao matatu ni jeraha lililo mahali pabaya kabisa, na sitalipunguza: ngome yake siku ile ilivunjika, na mabadiliko hayakuizuia isivunjike.

Hata hivyo Yanga haikufungwa siku ile, na bado ilikuwa kwenye mbio za ubingwa. Kilichommaliza ni mchezo wa kirafiki. Tarehe 21 Desemba 2013, katika bonanza la Nani Mtani Jembe, Simba ilishinda 3-1, na Amissi Tambwe, Mrundi mwingine, ndiye aliyewaumiza zaidi. Brandts akafungashiwa virago mara tu baada ya hapo. Bingwa mtetezi aliondolewa kwa mechi isiyokuwa na pointi hata moja. Naliona ni kosa, na nililiona hivyo wakati huohuo. Mtu ambaye Happel alimwacha uwanjani baada ya kujifunga mbele ya ulimwengu mzima hakupewa nafasi kama hiyo na sisi.

Wapo watakaosema mambo yalinyooka tu. Januari 2014 Yanga ilimleta Mholanzi mwingine, Hans van der Pluijm, ambaye enzi zake alikuwa kipa, na katika awamu zake Jangwani akatwaa ubingwa wa 2014/15 na 2015/16. Lakini msimu ambao Brandts hakuruhusiwa kuumaliza, ubingwa ulikwenda Azam. Yeye alirudi kwao, mwaka 2014 akaifundisha FC Dordrecht iliyokuwa imepanda daraja, na huko pia hakumaliza msimu.

Ngome aliyoiacha iliendelea kuwa uti wa mgongo wa Yanga ya Pluijm: Cannavaro, Yondani, Twite. Niyonzima alibaki hadi 2017 alipovuka kwenda Simba. Na Tambwe, ambaye mabao yake yalimng'oa Brandts, alisajiliwa Jangwani Desemba 2014, akamaliza msimu wa 2015/16 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Kufikia wakati huo Azam TV ilikuwa imefika, na watu wa Ngara waliweza hatimaye kumtazama Yondani akijipanga.