Sumu ya viuatilifu kwa simba na chui wa kizimbani: tiba

Simba, chui na chui milia wanaofugwa hupata sumu ya viuatilifu kwa kula nyama ya mnyama aliyepakwa dawa ya kupe, au kizimba kinapopulizwa dawa ya viroboto bila kipimo. Makundi hatari ni oganofosfeti na kabameti. Yote huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya kupitishia ujumbe wa neva. Ikirundikana, mnyama hutokwa udenda, mboni husinyaa, misuli hutetemeka na mapafu hujaa majimaji hadi pumzi ikatike. Dawa yake, atropini, ni ya zamani na ya bei nafuu, na madaktari wanaijua. Kazi ngumu ni kuifikisha mwilini kwa wingi unaotosha. Kwa miligramu 0.2 kwa kilo, simba wa kilo 160 anahitaji miligramu 32. Kwa vichupa vya hospitali vyenye miligramu moja katika mililita moja, itabidi vivunjwe 32, na mililita 32 haziingii katika mshale mmoja wa sindano. Bustani ya wanyama isiyoweka atropini nzito ya mifugo haijajiandaa, hata kabati lake likijaa dawa.

Wapo wanaotaka majibu ya maabara kwanza, maana atropini nayo ina madhara. Hoja hiyo ina uzito mgonjwa akiwa na siku za kusubiri. Huyu ana saa chache. Isitoshe, dozi ndogo ya majaribio husaidia: asiye na sumu hukauka kinywa na moyo humwenda mbio, mwenye sumu habadiliki sana. Matapishi na damu vihifadhiwe, vipimwe baadaye. Wengine husema alazwe kwanza kwa dawa ya usingizi. Lakini medetomidini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza mapigo ya moyo ambayo huenda sumu imekwisha kuyashusha, tena huweza kumtapisha. Ni salama zaidi atropini itangulie kwa mshale, usingizi ufuate. Akishalala, koo liwekwe mpira wa kupumulia, apewe oksijeni, ndipo mkaa wa dawa upitishwe tumboni. Dozi ya atropini hurudiwa kwa kusikiliza mapafu. Mboni za macho hupotosha. Dawa nyingine, pralidoksimu, hufaa kwa oganofosfeti ikiwahi. Kwa kabameti kimeng'enya hujinasua chenyewe.

Permethrini, kiuatilifu cha kundi tofauti, ni habari nyingine. Ini la jamii ya paka ni dhaifu katika kuiondoa, na atropini si tiba yake: mnyama huoshwa kwa sabuni ya vyombo, hupewa methokabamoli ya kutuliza mitetemeko, na joto lake hufuatiliwa.