Goti Jipya na Breki ya Gari

Leo tuzungumze juu ya mzee wako aliyebadilishiwa goti, na ile siku anapoanza kudai funguo za gari.

Kubadilisha goti si jambo la juzi. Mwaka wa 1890, mjini Berlin, Ujerumani, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa wa kifua kikuu cha goti bawaba ya pembe za ndovu. Goti lilikunjika, lakini ugonjwa uliokuwa mfupani ukaharibu kazi yote. Ni katika miaka ya 1970 ndipo magoti ya chuma na plastiki ngumu, kama lile lililoanza kutumiwa New York mwaka wa 1974, yalipoanza kudumu. Siku hizi upasuaji huu unafanywa hapa Kenya pia.

Magoti yalipodumu, likazuka swali: mgonjwa aendeshe gari lini? Mwaka wa 1994 watafiti wa Uingereza walipima muda ambao mguu unachukua kukanyaga breki kwa ghafula. Waliobadilishiwa goti la kulia walihitaji wiki 8 kurudia wepesi wao wa zamani. Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani wakapata kwamba wiki 4 ziliwatosha wengi. Leo madaktari wengi hutaja kama wiki 6.

Angalia kilichopimwa. Si kutembea, ni breki. Mzee anaweza kwenda kwa jirani bila mkongojo na bado akachelewa kusimamisha gari. Fikiria barabara ya kutoka Kitale kuja Bungoma. Pale Kiminini au Kamukuywa, bodaboda anaingia ghafula, mtoto wa shule anavuka. Gari la kilomita 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kila sekunde. Kuchelewa nusu sekunde ni mita 7. Mtoto huyo anaweza kuwa wako.

Basi fanya hivi. Siku ya kliniki, muulize daktari waziwazi kuhusu kuendesha gari. Goti likiwa la kushoto na gari ni otomatiki, ruhusa huweza kuja mapema. Gari la gia lina klachi, na klachi ni kazi ya mguu wa kushoto. Mzee asiendeshe kamwe akiwa anameza dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi. Daktari akikubali, kwanza mzee akae ndani ya gari lililoegeshwa, akanyage breki kwa nguvu na kwa ghafula. Akikunja uso kwa maumivu, bado.

Usimwambie amezeeka. Mwambie, "Baba, goti limepona kwa kutembea, tungoje lipone kwa breki." Wahenga walisema, kawia ufike.