Namba ya Mtu na Siri Yake

Kumjua mtu kwa namba si jambo geni katika nchi yetu. Historia ya Meru na Embu yatufundisha kwamba yafaa kuuliza kwanza: ni nani aishikaye namba hiyo, naye aitumia kwa kazi gani?

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, nayo ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume alipewa kipande, yaani karatasi yenye namba yake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikopo cha bati, kikaning'inizwa shingoni mfano wa kengele ya mbuzi. Askari yeyote aliweza kuidai njiani, na mfanyakazi aliyetoroka alisakwa kwa namba yake.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa fungu moja, wakatakiwa kuchukua vitabu vya pasi. Bila ruhusa hawakuweza kusafiri. Tarehe 24 Aprili 1954 ulianza msako mkubwa mjini Nairobi, na maelfu ya watu wa makabila hayo wakakamatwa. Katika uchunguzi, mtoa habari alivikwa gunia lenye matundu ya macho, akawaonyesha washukiwa kwa ishara. Mshukiwa alikuwa wazi kwa uso, jina na namba, aliyemshtaki alifichwa.

Hali ya Hatari ilikoma Januari 1960. Siku hizi namba tuichukuayo kila mahali ni ya simu. Laini husajiliwa kwa kitambulisho. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, namba hiyo ni mfuko wa fedha pia. Mchuuzi wa Meru au Embu akiiandika juu ya kibanda chake, huifungulia dunia nzima mlango.

Ndiyo sababu baadhi ya watu hutumia namba ya pili, ipitishayo simu kwa intaneti. Wateja hupewa hiyo, na ile ya kwanza huwekewa jamaa na benki. Usumbufu ukizidi, namba ya pili hufungwa. Hata hivyo, kampuni iitoayo yaweza kumjua mwenyewe; basi ni pazia, si ukuta, wala si maficho ya matapeli.

Wazee husema, mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini mzazi humfunulia mkunga, hawafunulii watu wa sokoni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yamlindia kila mtu faragha yake, na sheria ya mwaka 2019 yalinda habari zake. Babu zetu walivikwa namba shingoni bila hiari. Sisi tunayo hiari, nasi tuitumie kwa busara.