Hifadhi ya Barabara: Historia ya Istilahi Moja na Jamaa Zake

Miongoni mwa hati za serikali zinazomfikia mkazi wa mjini, ni chache zenye matokeo ya haraka kama zile zihusuzo ardhi iliyo kandokando ya barabara. Kwa neno moja nyumba huweza kusimama au kuvunjwa. Kwa hiyo tumeona yafaa kuzichunguza istilahi za jambo hili, kwani mfasiri asiyejua historia ya neno huweza kulitumia kwa miaka mingi na bado asitambue kwa nini msomaji wake hamwelewi.

Tuanze na barabara yenyewe. Neno hili lina asili ya Kiajemi, ambako maana yake ni kuwa sawa au kulingana; nasi tungali tukilitumia hivyo tusemapo kwamba kazi imefanywa barabara. Njia iliyosawazishwa, basi, ndiyo barabara. (Wakazi wa baadhi ya mitaa yetu watasema kwamba hapo jina limekitangulia kitu chenyewe.)

Lakini katika sheria barabara si lami pekee. Ni ukanda mzima wa ardhi wenye mitaro, makalvati, mabomba ya maji, nguzo za umeme, na nafasi tupu iliyoachwa ili njia ipanuliwe baadaye. Kiingereza, ambacho ndicho kilichotuletea sheria hizi, kina majina mawili ya ukanda huo. La kwanza, likifasiriwa sisisi, ni “haki ya njia”. Jina hilo lina mzigo mkubwa mno: hutaja haki ya mtu kupita katika ardhi ya mwenziwe, na ardhi yenyewe ipitwayo, na hata zamu ya dereva kutangulia kwenye njia panda. Mfasiri aandikaye “kuchimba mtaro katika haki ya njia” ameandika jambo lisilowezekana, maana haki haichimbwi kwa sururu. Jina la pili latokana na kitendo cha kuweka kando, nalo ndilo linalolingana na istilahi yetu “hifadhi ya barabara”.

Hapa ndipo penye uzito. Kitendo hicho cha kuweka kando kina sura mbili katika Kiswahili. Mkulima abakizaye magunia mawili ghalani ameweka akiba. Serengeti ni hifadhi. Akiba hutunzwa kwa ajili ya matumizi ya kesho, na hifadhi hulindwa isiguswe. Ukanda wa barabara kwa hakika ni akiba: umeachwa ili siku moja utumiwe. Hata hivyo neno lililoshika ni hifadhi, ambalo kwa watu wengi ni neno la misitu na wanyama. Matokeo yake ni kwamba istilahi yetu inakataza bila ya kueleza. Mtu aonaye uwanja mtupu usio na mti wala mnyama hatambui ni kitu gani kinachohifadhiwa, akapanga matofali yake.

Tena upana wa hifadhi hiyo haukukaa mahali pamoja. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilileta upana wa mita 60 kwa barabara kuu na za mikoa, badala ya mita 45 za zamani. Yaani mita 30 kila upande badala ya 22.5, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Zile mita 7.5 zilizoongezeka ziliwakuta watu majumbani mwao. Ndipo kuta zikaanza kupakwa alama ya X, nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi, na ya kijani kwa anayestahili fidia. Wananchi hawakungoja istilahi kutoka ofisini. Walisema kwamba huyu ameifuata barabara, na yule amefuatwa na barabara. Twakiri kuwa hatujaona katika hati yoyote maneno mafupi na dhahiri kuliko hayo. Mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, ambako hifadhi ilitajwa kuwa mita 121.5 kila upande, sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa ni nani aliyemfuata mwenziwe.

Jamaa wa pili wa istilahi hii ni kibali. Neno hili latokana na kukubali, na katika maandiko ya dini lilikuwa na maana ya kupendeza machoni pa mkubwa. Leo ni karatasi yenye mhuri, ingawa mwombaji aliyekaa foleni anaweza kuona kwamba maana ya kale haijafa kabisa. Tusilichanganye na leseni, ambayo humruhusu mtu kuendesha shughuli kwa muda mrefu. Kibali cha kukata barabara ni cha kazi moja, mahali pamoja, kwa siku zilizotajwa. Mtoaji wake amebadilika mara kadhaa: barabara kuu na za mikoa zina Wakala wa Barabara tangu mwaka 2000, na za vijijini na mijini zina wakala wake tangu mwaka 2017, kazi ambayo awali ilikuwa ya mhandisi wa halmashauri.

Katika vibali hivyo kuna neno moja ambalo wafasiri hulipita upesi. Aliyekata barabara ili apitishe bomba hutakiwa airudishe ilivyokuwa. Tumeona hati zikisema “afukie”. Kufukia ni kujaza udongo shimoni, basi. Fundi aliyefukia ametimiza alichoandikiwa, na mvua za masika zikija mtaro hutitia, gurudumu likazama. Mafundi wenyewe wana neno lao, kurudishia, ambalo kwao ni kujaza kifusi tabaka kwa tabaka, kushindilia kila tabaka, na kumalizia kwa lami. Hilo ndilo liandikwe.

Umebaki ukanda wa bomba la mafuta au nyaya kubwa za umeme ukatizao mashamba mbali na barabara. Huo una jina lake zuri, mkuza, nasi twashauri usiitwe hifadhi. Ama hifadhi ya barabara imekwisha zoeleka, na kuing’oa sasa ni kuwachanganya watu waliokwisha bomolewa kwa jina hilo. Ila kila ilani itakayoitaja iongeze maneno haya: ardhi iliyowekwa akiba kwa upanuzi wa barabara, mita kadhaa kutoka katikati yake. Na hizo mita ziandikwe kwa tarakimu.