Mizani ya Pamba na Shahada ya Uchumi

Yatajwapo masomo ya uchumi, wengi wetu huona mbele yao kumbi za vyuo vikuu, vitabu vinene na majedwali ya tarakimu. Hapana shaka elimu hiyo hupatikana huko. Hata hivyo, historia ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria yatukumbusha kwamba maswali makuu ya sera ya uchumi yaliulizwa kwanza mbele ya mizani ya kununulia pamba, na walioyauliza ni wakulima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ya Usukuma ilikuwa shamba kuu la pamba la Tanganyika. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, kisha akapeleka pamba yake kwenye kituo cha ununuzi. Huko mizani ilikuwa mali ya mfanyabiashara, aliyeisoma alikuwa mfanyabiashara, na aliyeandika hesabu alikuwa yeye yule. Mkulima alirudi nyumbani na fedha alizopewa, akiwa na shaka moyoni lakini bila ushahidi mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito wa kila mzigo uhakikishwe. Tendo hilo lilikuwa dogo, lakini ndani yake mlikuwa na maswali mazito: Nani hupima? Nani hupanga bei? Na ile tofauti kati ya bei ya shambani na bei ya soko la dunia huingia mfukoni mwa nani?

Miongoni mwa waliolivalia njuga jambo hili alikuwa Ndugu Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Kwanza alikitumikia chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, kisha akapita vijijini akiwahimiza wakulima wa pamba waungane. Baadaye alikwenda Uingereza kusomea ushirika huko Loughborough. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika shirikisho kubwa lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza. Kufikia mwisho wa muongo ule, shirikisho hilo lilikuwa na vyama vya msingi zaidi ya 300, likanunua pamba ya Jimbo la Ziwa na kumiliki viwanda vya kuichambua.

Miaka hiyohiyo, mwana mwingine wa kanda ya ziwa alikuwa akiyatafuta majibu kwa njia ya vitabu. Julius Nyerere wa Butiama, aliyeanzia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Alisoma, pamoja na mengine, uchumi wa siasa, historia ya uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Mwaka 1952 alitunukiwa shahada ya M.A., ambayo kwa desturi ya vyuo vikongwe vya Uskoti huwa shahada ya kwanza, ingawa jina lake ni la uzamili. Njia hizi mbili, ya mizani na ya kitabu, zilikutana katika serikali ya nchi huru: mwaka 1962 Mwalimu alichaguliwa kuwa Rais, na mwaka huohuo Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Yafaa tuseme kweli kwamba kukutana huko hakukumaliza matatizo. Ushirika nao ulipata maradhi yake. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama nchini, ikakuta wizi, uzembe na watumishi waliozidi kazi. Mizani iliyotolewa mkononi mwa mfanyabiashara ilikuwa imeanza kuwaelemea wakulima ikiwa mikononi mwa watu wao wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Wakulima waliokuwa wamepigania haki ya kupima wakajikuta tena wakipimiwa. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuurudisha ushirika, na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuuvunja lilikuwa kosa. Kukiri huko ni somo kubwa la uchumi kuliko kurasa nyingi za vitabu.

Leo kijana wa Mwanza halazimiki kuvuka bahari ili apate elimu ya juu. Karibu na Nyegezi, kwenye mwambao wa ziwa, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1998 kutokana na chuo kilichoanza mwaka 1960. Mwanafunzi anayejiandaa kwa shahada ya uzamili katika sera za uchumi atajifunza nadharia za bei, kodi, ruzuku na biashara ya kimataifa. Ajifunze kwa bidii, maana shaka ya mkulima bila hesabu haiwezi kumshinda mdanganyifu. Lakini kabla hajaandika pendekezo lake, na aende kituoni msimu wa pamba, asimame nyuma ya mkulima, atazame mshale wa mizani unaposimama. Mkulima yule ndiye atakayelipa gharama ya kosa la mtaalamu. Basi ni haki yake kusikilizwa kabla kosa halijatendeka.