Nani Amepokea Oda? Historia ya Swali la Mauzo ya Mtandaoni katika Hojaji za Biashara

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja katika hojaji za takwimu za biashara: je, biashara ilipokea oda kupitia intaneti? Yanaonesha kwamba jibu la swali hilo limetegemea uamuzi uliofikiwa kati ya mwaka 2000 na 2009 kuhusu tendo lipi la mauzo lihesabiwe, na kwamba uamuzi huo huweza kupotea hojaji inapotafsiriwa kwa Kiswahili, hasa katika maneno mtandao, agizo na tovuti.

Utangulizi

Mgeni aliyeko Ulaya anaweka nafasi ya chumba katika nyumba ya wageni huko Jambiani kupitia tovuti ya uwakala wa kimataifa, kisha analipa fedha taslimu siku anapowasili. Fundi cherehani wa Kisumu anapokea picha ya mshono kwa WhatsApp, anajadiliana bei na mteja kwa ujumbe, analipwa kwa M-Pesa na kulituma gauni kwa basi la usiku. Kwa fasili inayotumiwa na mashirika makuu ya kimataifa ya takwimu, mauzo ya kwanza ni ya kielektroniki na ya pili siyo. Wengi wanaoelezwa jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kuna kosa la uchapaji.

Hakuna kosa. Kuna fasili, nayo ina historia yake. Watafiti na washauri wa sera hukutana na matokeo ya historia hiyo kila wanaposoma jedwali lenye safu ya biashara "zinazouza mtandaoni". Kwa kawaida huuliza kama sampuli ilitosha. Ni nadra kuuliza mtafitiwa alisomewa maneno gani.

Oda, si malipo

Kompyuta zilianza kupelekeana oda kabla ya intaneti ya kibiashara kuenea. Kampuni kubwa za viwanda na za rejareja zilitumiana nyaraka za ununuzi kwa muundo uliokubaliwa, kompyuta kwa kompyuta, katika njia za mawasiliano za binafsi. Nchini Ufaransa, kuanzia miaka ya 1980, Minitel iliwawezesha watu kununua tiketi na bidhaa kwa kifaa kilichounganishwa na laini ya simu ya nyumbani. Intaneti iliposhika kasi katika miaka ya 1990, ofisi za takwimu zilikabiliwa na swali ambalo halikuwa la kiufundi tu: je, jipya ni njia inayopitiwa na oda, ni namna ya kulipa, au ni namna bidhaa inavyomfikia mteja?

Tarehe 2 Machi 2000, Ofisi ya Sensa ya Marekani ilichapisha makadirio yake ya kwanza ya mauzo ya rejareja ya kielektroniki. Yalihusu robo ya mwisho ya mwaka 1999, nayo yalikuwa dola bilioni 5.3, yaani asilimia 0.64 ya mauzo yote ya rejareja. Tarakimu hiyo ndogo ilibeba maamuzi mengi. Mawakala wa safari, madalali wa fedha na wauzaji wa tiketi hawakuwamo, kwa kuwa katika uainishaji wa shughuli za kiuchumi wao si wafanyabiashara wa rejareja. Kwa upande mwingine, fasili ya Marekani ilikubali mauzo ambayo oda yake iliwekwa, au bei na masharti yake yalijadiliwa, kwa intaneti, kwa mifumo ya kubadilishana nyaraka na hata kwa barua pepe. Malipo yangeweza kufanyika kokote.

Mwaka huohuo, nchi wanachama wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) zilikubaliana juu ya fasili mbili. Fasili pana ilihusu miamala yote inayofanyika kupitia mitandao ya kompyuta, Minitel ikiwemo. Fasili finyu ilihusu intaneti pekee. Zote ziliegemea oda. Malipo na ufikishaji wa bidhaa vingeweza kufanyika nje ya mtandao. Hoja yake inaeleweka. Gunia la saruji haliwezi kusafiri ndani ya waya, na mnunuzi anaweza kuagiza kwa tovuti akalipa kwa hundi. Kama kila hatua ingetakiwa iwe ya kielektroniki, kisingebaki cha kuhesabu ila muziki na programu za kompyuta.

Ugumu ulikuwa katika mpaka wa chini. Miongozo ya OECD iliziweka nje oda za simu, za faksi na za barua pepe ya kawaida. Mwaka 2009 shirika hilo liliziunganisha fasili mbili kuwa moja: muamala wa kielektroniki ni uuzaji au ununuzi unaofanyika katika mitandao ya kompyuta kwa mbinu zilizobuniwa mahususi kwa ajili ya kupokea au kuweka oda. Barua pepe iliyoandikwa kwa mkono wa mtu ilitajwa wazi kuwa haimo. Neno lenye uzito hapo ni "mahususi". Lengo lilikuwa kuitambua biashara ambayo mfumo wake wenyewe unaipokea oda, kuisajili na kuipeleka stoo bila karani kuiandika upya. Eurostat, ambayo imekusanya takwimu hizi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuziwekea msingi wa kisheria kwa Kanuni namba 808 ya mwaka 2004, imefuata mkondo huo, ikitenganisha mauzo ya tovuti na programu na mauzo ya kompyuta kwa kompyuta.

Njia panda ya mwaka 2005

Historia hii ingeishia Paris na Luxembourg kama si Ushirika wa Upimaji wa Teknolojia ya Habari kwa Maendeleo, uliozinduliwa mwaka 2004 katika mkutano wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo (UNCTAD) mjini São Paulo. Mwaka 2005 Ushirika huo ulitoa orodha ya viashiria vya msingi, na mwaka 2007 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliipokea. Viashiria vya biashara vilipewa herufi B. B1 ni biashara zinazotumia kompyuta, B3 ni zinazotumia intaneti, B5 ni zilizo na uwepo katika wavuti, B7 ni zinazopokea oda kupitia intaneti na B8 ni zinazoweka oda.

Maelezo ya B7 katika mwongozo wa UNCTAD yalitofautiana na ya OECD katika nukta moja: oda za barua pepe zilihesabiwa. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, karani aliyesoma barua pepe ya mteja na kuinakili katika daftari la oda alikuwa ndani ya takwimu kwa mwongozo mmoja na nje kwa mwingine. Tofauti hiyo haikuwa uzembe. Katika nchi ambazo tovuti za kuuzia zilikuwa chache, kuiondoa barua pepe kungebakiza safu tupu, na safu tupu haimwambii mpanga sera chochote. Gharama yake ni kwamba asilimia ya nchi iliyofuata B7 haiwezi kuwekwa sambamba na asilimia ya nchi ya Ulaya bila tanbihi, na tanbihi ndiyo kitu cha kwanza kuanguka jedwali linaponakiliwa katika ripoti nyingine.

Baadaye mizani iliinama upande mmoja. Mwongozo wa upimaji wa biashara ya kidijitali baina ya nchi, uliotolewa mwaka 2019 na OECD, Shirika la Biashara Duniani na Shirika la Fedha la Kimataifa, uliijenga dhana ya muamala "ulioagizwa kidijitali" juu ya fasili ya mwaka 2009. Toleo la pili la mwaka 2023 lina UNCTAD miongoni mwa watoaji wake. Fundi wa Kisumu, ambaye mwaka 2005 angeweza kudai nafasi kwa kufananishwa na mwandika barua pepe, kwa fasili hii hana mlango.

Uzio wa watu kumi

Kuna uzio mwingine, nao hautokani na maneno. Hojaji za Ulaya kwa kawaida huanzia biashara zenye watu kumi au zaidi, na mapendekezo ya Ushirika yaliyafuata mazoea hayo. Uchunguzi wa biashara wa Benki ya Dunia huanzia watu watano, tena katika biashara zilizosajiliwa. Utafiti wa biashara ndogo uliochapishwa mwaka 2016 na Shirika la Kitaifa la Takwimu nchini Kenya (KNBS) ulikadiria kuwepo kwa biashara ndogo na za kati milioni 7.41, na kati ya hizo milioni 5.85 hazikuwa na leseni. Sampuli inayochorwa kutoka daftari la kampuni haiwezi kuwafikia hao.

Ombwe hilo huzibwa kwa vipimo mbadala. Faharasa ya UNCTAD ya biashara ya mtandaoni, ambayo toleo lake la mwaka 2020 lilikuwa na nchi 152, iliundwa kwa vigezo vinne: watumiaji wa intaneti, seva salama, uaminifu wa posta, na watu wenye akaunti ya benki au ya fedha za simu. Hakuna hata kimoja kilichotokana na mfanyabiashara kuulizwa chochote.

Mtandao, agizo, tovuti

Hojaji inapovuka kuingia katika Kiswahili, historia yote iliyoelezwa hapo juu inategemea kinywa cha mdadisi aliyesimama mlangoni mwa duka.

Neno "mtandao" ndilo lenye mzigo mkubwa zaidi. Katika maandishi rasmi hutumika kwa maana ya intaneti. Dukani, hasa nchini Tanzania, "unatumia mtandao gani?" ni swali la kampuni ya simu. "Mtandao unasumbua" ni kauli ya karani wa benki ambaye mfumo wake umekwama. "Biashara ya mtandao" kwa wengi ni ule uuzaji wa kusajili watu chini yako na kupata kamisheni. "Pesa mtandao" ni fedha za simu. Basi mwenye duka akiulizwa kama anauza kwa njia ya mtandao, ana sababu nzuri ya kuitika ndiyo kwa kuwa ukutani amebandika namba ya kulipia. Tangu mwaka 2000 wanatakwimu walikuwa wameyaondoa malipo katika fasili kwa makusudi. Neno moja la Kiswahili linayarudisha, na linayarudisha katika ukanda ambao, tangu M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mnamo Machi 2007, malipo kwa simu ndiyo sura ya kidijitali iliyozoeleka kuliko nyingine.

"Agizo" nalo lina matatizo yake. Magazetini, maagizo hutolewa na waziri au mkuu wa mkoa. Kitenzi "kuagiza" hubeba pia maana ya kuleta bidhaa kutoka nje ya nchi. Swali la B8 likisomwa "je, biashara yako iliagiza bidhaa kupitia mtandao?", mfanyabiashara wa Kariakoo anayeleta mzigo kutoka Guangzhou kwa kumpigia simu wakala wake anaweza kuitika kwa nusu ya kwanza ya swali, kabla ya kuisikia ya pili. Sokoni neno lililopo ni "oda". Fundi ana oda, mpishi wa keki ana oda, na hakuna anayelichanganya na tamko la serikali. Mtafsiri mwenye mafunzo ya isimu huelekea kulikwepa kwa sababu linanuka ukopaji. Katika hojaji ya takwimu kinga hiyo ya usafi wa lugha ina gharama, nayo hulipwa na usahihi wa tarakimu.

Kwa "tovuti" kosa linaelekea upande wa pili. Kiashiria cha B5 hakidai biashara imiliki tovuti yake. Kinakubali pia uwepo katika tovuti ya mwingine, mradi biashara iwe na mamlaka juu ya maudhui yake. Muuza vitenge mwenye ukurasa wa Instagram anaousimamia mwenyewe anatimiza sharti hilo. Akiulizwa kama ana tovuti atasema hana, naye atakuwa amejibu kwa ukweli. Hivyo katika hojaji hiyohiyo jibu moja linaweza kuzidisha na jingine kupunguza, na hakuna hesabu ya uzani wa sampuli inayoweza kuyasawazisha, kwa kuwa makosa hayo hayakutokana na sampuli.

Tiba iliyo karibu ni kulivunja swali katika matendo ambayo mtafitiwa anayafahamu kwa majina yake: je, katika miezi kumi na miwili iliyopita kuna mteja aliyeweka oda bila kufika dukani? Alipiga simu, aliandika ujumbe, au alibonyeza kitufe katika ukurasa au programu? Ni nani aliyeiandika oda hiyo katika daftari: mtu au mfumo? Malipo yaulizwe peke yake, baada ya oda, ili mdadisi asimruhusu mtafitiwa kuyachanganya. Kwa majibu hayo mchambuzi anaweza kujenga asilimia ya OECD ya mwaka 2009, asilimia ya B7 ya mwaka 2005, na ya tatu yenye oda za ujumbe, kutoka katika mahojiano yaleyale. Zote tatu zichapishwe pamoja, na chini ya jedwali yawekwe maneno ya Kiswahili aliyosomewa mtafitiwa.

Linabaki swali la ujumbe wenyewe. Programu za ujumbe zimeanza kumpa mfanyabiashara orodha ya bidhaa na kikapu cha manunuzi, na oda inayopitia kikapu hicho inaingia katika fasili ya mwaka 2009 kwa urahisi, kwa kuwa kikapu ni mbinu iliyobuniwa mahususi kwa oda. Mteja akiliacha kapu na kuandika "nitumie mbili za bluu", oda ileile, katika simu ileile, kwa muuzaji yuleyule, inatoka nje ya hesabu.